Mficha uchi hazai: Kabla hujakubali kupasuliwa bawasiri, soma hii

Kuna ugonjwa ambao ukiutaja kwa sauti pale steji ya boda Kondele, watu watacheka kwanza. Halafu ukikaa kidogo, mmoja atakuvuta kando akuulize polepole: "Omera, na hiyo dawa ulipata wapi?" Baada ya dakika kumi atakuja wa pili na swali lilo hilo.

Ugonjwa wenyewe ni bawasiri, ama 'piles' vile wengi wetu tunaita. Ni wa kawaida kuliko unavyodhani, na hauchagui mzee wala kijana. Unampata dereva wa matatu ya Busia, mama anayekaa kwa stuli sokoni Kibuye kutoka asubuhi hadi jioni, msichana aliyejifungua juzi, na yule msee wa kompyuta anayeshinda kwa kiti siku nzima. Lakini kwa sababu ya pahali penyewe, tunanyamaza. Tunanunua dawa ya kupaka tukimnong'onezea muuzaji kama watu wanaonunua mali ya wizi.

Swali ambalo vijana wengi wako nalo ni moja: "Daktari amesema nipasuliwe. Nikubali ama nitoroke?"

Mimi si daktari, hata chuo chenyewe sikumaliza. Ninachoweza kukupa ni yale ambayo madaktari wanakubaliana, pamoja na yale niliyoona kwa karibu nikimsindikiza rafiki yangu, mwendesha boda wa hapa mjini, tangu alipoanza kuona damu hadi aliporudi barabarani. Hataki jina lake litajwe. Tumwite Jamaa.

Ni kitu gani hasa?

Kila mtu, hata wewe ambaye huna shida yoyote, ana vifuko laini vyenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kusaidia mlango kufunga vizuri. Shida inaanza vifuko hivyo vikifura na kulegea. Husababishwa na kufunga choo, kujikamua kwa nguvu, ujauzito, kuinua mizigo mizito, au kukaa chooni nusu saa ukiangalia TikTok.

Bawasiri ya ndani hupimwa kwa daraja nne. Ya kwanza hutoa damu lakini haitokezi nje. Ya pili hutokeza ukijikamua kisha inarudi yenyewe. Ya tatu hutokeza na lazima uirudishe kwa kidole. Ya nne imekataa kurudi, inakaa nje. Kuna pia bawasiri ya nje, ile inayoota kwenye ngozi ya mlango. Hiyo damu ikiganda ndani yake, unapata uvimbe mgumu unaouma vibaya sana kwa siku chache.

Jua daraja lako kabla hujaanza kubishana na mtu kuhusu kisu. Jamaa alikuwa daraja la tatu. Alikuwa amezoea kuirudisha kwa kidole kila asubuhi kabla ya kutoka kazini, na kwa mwaka mzima aliamini hayo ndiyo maisha.

Damu si lazima iwe bawasiri

Hapa ndipo nataka usome polepole, hasa kama umekulia kando ya ziwa.

Kwa bawasiri, damu huwa nyekundu ya kung'aa. Inadondoka ukimaliza haja au inabaki kwenye karatasi, na mara nyingi haiumi. Lakini ukitoka Dunga hadi Usenge, ukavuka Mbita na visiwa vya Mfangano na Remba, kuna ugonjwa mwingine unaoleta damu kwenye choo: kichocho. Konokono wadogo wa majini ndio wanaobeba vijidudu vyake. Ukiingia ziwani kuoga, kufua, kuvua, kuchota mchanga au kuosha gari, vijidudu vinapenya ngozi yako bila wewe kuhisi. Baadaye minyoo hukaa kwenye mishipa ya matumbo na kutaga mayai yanayopasua njia kutoka nje. Watafiti wa KEMRI wamewachunguza waosha magari na wachota mchanga wa Kisumu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo: kazi yao ni kusimama ndani ya maji.

Kichocho hupimwa kwa kuangalia choo chako kwa hadubini, na dawa yake ni prazikwanteli, tembe unazomeza kulingana na uzito wako. Kwa hivyo kama unaishi ufuoni na unaona damu, mwambie daktari wazi: "Mimi huingia ziwani." Hilo litabadilisha vipimo atakavyoagiza.

Kuna sababu nyingine ya kulisema. Kichocho kikikaa mwilini miaka mingi bila tiba, huharibu ini, na presha ndani ya mishipa inayoelekea kwenye ini inapanda. Mishipa ya huko nyuma inaweza kufura ikafanana na bawasiri. Mtu akiikata akidhani ni bawasiri ya kawaida, damu inaweza kumwagika vibaya. Kama tumbo lako limefura, uliwahi kuambiwa bandama ni kubwa, au uliwahi kutapika damu, usipande meza ya upasuaji kabla ya kueleza hayo.

Jamaa alipimwa, akapatikana na kichocho, akameza dawa. Maumivu ya tumbo yalipungua. Damu bado ilitoka, kwa sababu bawasiri nayo ilikuwepo. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Halafu kuna saratani ya utumbo mpana. Ndiyo, wengi wanaougua ni watu wazima, lakini vijana pia wanaipata. Ukiona choo chako kimebadilika kwa wiki kadhaa, unapungua uzito bila sababu, damu ni nyeusi au imechanganyika na kinyesi, au kuna mtu katika familia yenu aliyeugua, omba uchunguzi wa ndani wa utumbo. Kile kidole cha daktari kilicho ndani ya glavu na kile kimrija chenye taa vinachukua dakika chache tu. Usikubali mtu akupasue, au akuuzie dawa, bila kukuangalia.

Wengi hawahitaji kisu

Daraja la kwanza na la pili mara nyingi hutulia ukibadilisha mambo mawili: unachokula na unavyokaa chooni.

Chakula cha huku kwetu kina jibu tayari, ni vile tu tumekiacha tukakimbilia chipsi na chapati. Nyoyo, kunde, osuga, apoth, viazi vitamu, mihogo, papai, mapera, uji wa wimbi, ugali wa unga wa posho ambao haujakobolewa: vyote hivyo vina nyuzinyuzi za kulainisha choo. Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na maji ya kutosha, kama lita mbili hivi, na zaidi kwa jua la Kisumu. Ongeza polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi. Omena na mbuta ni vitamu, lakini samaki hana nyuzinyuzi hata chembe. Mboga kwenye sahani isiwe mapambo.

Chooni, simu ibaki nje. Dakika tano zinatosha. Kama haja haiji, toka, utarudi. Na ikikuita, itikia. Usiizuie eti kwa sababu una mteja.

Hayo yakishindwa, kuna njia ya katikati: daktari anafunga mpira mdogo kwenye shingo ya bawasiri ya ndani, damu haifiki tena, na baada ya wiki moja hivi inanyauka na kudondoka yenyewe. Hulazwi. Unahisi kubanwa siku moja au mbili, kisha unaendelea na maisha. Inafaa zaidi daraja la pili na baadhi ya daraja la tatu. Ubaya wake ni kwamba huenda ukahitaji kurudia, kwa sababu bawasiri inaweza kujirudia.

Na yale matangazo kwenye nguzo za stima, yanayotibu bawasiri, nguvu za kiume na mapenzi kwa namba moja ya simu? Tahadhari. Dawa kali za kuchoma zikipakwa huko zinaweza kuunguza ngozi nzuri, na kovu likikauka, njia inabana. Utakuwa umeuza tatizo dogo ukanunua kubwa.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kusema ndiyo

Kupasuliwa kunafaa zaidi kama bawasiri ni ya daraja la tatu au la nne, kama mpira umejaribiwa ukashindwa, kama ya ndani na ya nje zimeungana, au kama damu inatoka mpaka mwili unaishiwa. Hili la mwisho ndilo lililomsukuma Jamaa. Alikuwa anachoka akipanda ngazi, moyo unadunda, akadhani ni malaria. Kipimo kilionyesha damu yake imeshuka.

Nyumbani hawakukubaliana naye mara moja. Mama yake alitaka aendelee na miti shamba. "Mama, nimekunywa hiyo dawa miezi mitatu, na damu bado inatoka," alimwambia. Mama alinyamaza, kisha akasema: "Basi mwanangu, kama ni kwenda, tutaenda sote." Na kweli walienda wote.

Ukiwa mbele ya daktari wa upasuaji, uliza haya bila kuogopa kuonekana mjuaji:

Bawasiri yangu ni daraja gani, na mpira hauwezi kutosha?

Utatumia njia gani? Ile ya zamani ya kukata na kuacha kidonda wazi kipone chenyewe ilielezwa na Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London, mwaka wa 1937, na bado inatumika sana. Kuna njia nyingine ya kutumia mashine ya pini ambayo huuma kidogo siku za mwanzo. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza wa wagonjwa 777, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka wa 2016, uligundua kwamba waliokatwa kwa njia ya zamani walikuwa na hali bora baada ya miaka miwili, na bawasiri iliwarudia wachache zaidi.

Hatari ni zipi? Ajibu ukweli: kuvuja damu, kushindwa kukojoa siku ya kwanza, maambukizi, njia kubana kwa kovu, na mara chache sana, kushindwa kuzuia gesi au choo.

Na wewe pia mwambie ukweli. Kama unatumia dawa za ARV, sema. Mtu mwenye virusi ambaye anameza dawa vizuri anaweza kupasuliwa, lakini daktari anahitaji kujua kinga yako ikoje ili kidonda kipone. Kama una selimundu, ambayo ni ya kawaida huku ziwani, sema. Dawa za kuyeyusha damu, pumu, mzio, sema zote. Na kama wewe ni mjamzito, habari njema ni kwamba bawasiri nyingi za ujauzito hupungua baada ya kujifungua, kwa hivyo madaktari kwa kawaida husubiri.

Livingstone naye aliona haya

Ukidhani aibu hii ni ya vijana wa Kisumu peke yao, sikiza hii. David Livingstone, yule mmishonari wa Scotland tuliyemsoma shule ya msingi, aliteswa na bawasiri ya kutoa damu kwa miaka. Alipokuwa kwao mwaka wa 1864, Profesa James Syme wa Edinburgh, mmoja wa wapasuaji waliosifika sana wakati huo, alimshauri apasuliwe. Alikataa. Sababu moja ilikuwa kwamba hakutaka habari hiyo ifike magazetini.

Tumhurumie kidogo. Upasuaji wa wakati huo ulitisha kweli. Joseph Lister, ambaye alikuwa mkwe wa Syme mwenyewe, alichapisha mbinu zake za kuzuia vidonda kuoza mwaka wa 1867. Lakini fikiria: mtu aliyekabili simba na homa za porini aliogopa maneno ya watu. Alirudi Afrika na ugonjwa wake, akaendelea kuvuja damu katika safari yake ya mwisho, na Mei 1, 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa amedhoofika kwa magonjwa kadhaa kwa pamoja. Ni Chuma na Susi waliobeba mwili wake hadi pwani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na leo hii ugonjwa wake umo vitabuni, kila mtu anausoma.

Hesabu ya pesa na siku

Kwa wengi wetu, kisu chenyewe si noma kama siku za kukaa nyumbani. Jamaa alikuwa na pikipiki ya mkopo inayolipwa kila siku. Siku usipofanya kazi, deni halijui unaumwa.

Alichofanya ni hiki: aliweka akiba kidogo kidogo kwa miezi miwili, kisha akakubaliana na dereva mwingine aendeshe pikipiki yake, alipe mkopo wa siku, na kinachobaki wagawane. Chama cha steji kilimwongezea kidogo. Panga hivyo kabla, si ukiwa tayari umelala kitandani. Hesabu wiki mbili za kazi nyepesi ya kukaa na kusimama, na wiki nne kwa kazi ya boda, kuvuta nyavu, kusukuma mashua au kubeba magunia.

Upande wa hospitali, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wewe wa jua kali unapimwa uwezo wa nyumba yako, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, zinazolipwa za mwaka mzima kwa pamoja. Kujisajili ni kupitia *147#. Lipa mapema, na kabla ya kukubali tarehe, nenda kwa dawati la SHA la hospitali husika uulize watalipa nini na wewe utaongeza ngapi. Upate kwa maandishi. Bei kati ya hospitali ya umma na ya kibinafsi ziko mbali kama Kisumu na Homa Bay. Wengi wa ukanda huu huanzia hospitali ya kaunti, au wanatumwa Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaiita 'Russia' kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Andaa nyumba kabla ya mwili

Wiki moja kabla, anza kula mboga na kunywa maji ili choo kiwe laini tayari. Kisha tayarisha vitu hivi: beseni pana unaloweza kukalia, dawa ya kulainisha choo kama laktulosi ambayo daktari atakuandikia, pamba au pedi (ndiyo, hata wewe mwanaume utavaa pedi), nguo za ndani za pamba zilizolegea, na makaa au gesi ya kuchemshia maji.

Fikiria choo pia. Wengi wetu Nyalenda, Obunga na Manyatta tunatumia choo cha shimo, tena cha kushiriki na jirani. Kuchuchumaa siku ya tatu baada ya kukatwa ni adhabu. Kuna ujanja wa zamani wa kuuguza wagonjwa: kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, unakiweka juu ya shimo au juu ya ndoo. Jamaa alicheka nilipomtajia. Siku ya tatu hakucheka.

Kama unatoka mbali, hasa visiwani, tafuta mtu wa ukoo mjini akukaribishe kwa wiki mbili. Nitakuambia sababu hivi punde.

Siku ya kwanza hadi ya thelathini

Siku yenyewe, huli wala hunywi kwa saa utakazoambiwa. Wengi hupigwa ganzi ya mgongoni, miguu inalala, uko macho lakini husikii kitu. Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa hadi saa moja. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Usirudi kwa boda. Tafuta gari, ulale kwa ubavu.

Saa za kwanza unaweza kujiuliza mbona ulikuwa unaogopa. Ni ganzi hiyo. Ikiisha, maumivu yanafika, na hakuna haja ya kukudanganya: wiki ya kwanza ni ngumu. Meza dawa za maumivu kwa saa zake, usingoje mpaka uzidiwe. Jua pia kwamba dawa kali kama tramadoli hufunga choo, kwa hivyo usiache ile ya kulainisha. Ukipewa metronidazoli, pombe usiiguse.

Haja ya kwanza mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu. Ndiyo mlima wenyewe. Watu hukosea kwa kuacha kula ili wasiende chooni. Choo kinakauka, na siku kikija kinakuja kama jiwe. Kula. Uji wa wimbi, papai, apoth inayoteleza na ugali laini. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla kama unaweza kukadiria. Pumua, usijikamue. Damu kidogo ni kawaida. Ukitoka, usijipanguse kwa karatasi: jioshe kwa maji, kisha kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Rudia mara mbili au tatu kwa siku. Hakuna haja ya Dettol, inachoma. Maji yawe safi, ya bomba au yaliyochemshwa. Maji ya ziwa yasikaribie kidonda.

Jamaa alikaa kwa lile beseni akiwa ameshika ukuta, machozi yanatoka. Mama yake alikuwa nje ya mlango akimwimbia nyimbo za kanisa. Siku ya tano alinitumia ujumbe: "Leo nimelala saa sita bila kuamka." Siku ya tisa alikaa mezani na watu.

Kuna pia maumivu ya wageni. Huku kwetu mtu akitoka hospitali, ukoo mzima unakuja na soda na maswali. "Ulipasuliwa wapi?" Una haki ya kujibu, "Operesheni ndogo, Mungu amesaidia," ukanyamaza. Mpe mtu mmoja wa nyumbani kazi ya kupokea wageni na kubadilisha stori.

Kuanzia wiki ya pili, tembea kidogo kila siku. Usikae sehemu moja saa nzima, na usikalie ile mito ya duara yenye shimo kwa muda mrefu, mto laini wa kawaida unatosha. Majimaji na utelezi kidogo kwenye pedi huendelea kwa wiki kadhaa. Kidonda kwa jumla huchukua wiki nne hadi sita kupona, wengine zaidi. Mpira, gym na mapenzi vingoje hadi maumivu yaishe na daktari akuangalie.

Hapa usingoje kesho

Rudi hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: damu inayotiririka au kutoka kwa mabonge, kushindwa kukojoa, homa, usaha, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.

Kuhusu damu, kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi vizuri. Damu nyingi inaweza kuja ghafla kati ya wiki ya kwanza na ya pili, wakati umeshaanza kujisikia fiti. Haiwapati wengi, lakini ikitokea lazima uwe karibu na hospitali. Ndiyo maana nilisema ndugu yangu wa Mfangano au Remba usikimbilie mashua siku ya nne. Saa mbili za usiku, upepo umechafuka na hakuna boti, si mahali pa kugundua kwamba unavuja.

Sasa, ukubali ama utoroke?

Kama bado hujaangaliwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, jibu si ndiyo wala la. Jibu ni kwenda kuangaliwa. Kama ni daraja la kwanza au la pili, anza na sahani yako na simu yako chooni. Kama ni la tatu, uliza kuhusu mpira. Kama damu inakumaliza au imekataa kurudi ndani, basi siku hizo 30 za mateso ziweke kwenye mizani na miaka unayoishi nayo sasa.

Jamaa alirudi barabarani wiki ya tano, polepole, akikwepa mashimo ya barabara kama anayebeba mayai. Anakula osuga mpaka wenzake wanamcheka. Damu yake ilipanda, hachoki tena akipanda ngazi. Nilipomuuliza kama angekubali tena, alifikiria kidogo. "Ningekubali," akasema, "lakini ningeenda mapema, wakati mpira ungetosha."

Wenzake watatu wa steji wameshamvuta kando kumuuliza. Huwa hawauzii dawa. Anawatajia siku za kliniki.